Wizi Uliongoja Sura ya Tano: Mwendo wa Mwanzo Katika Riwaya ya Upelelezi ya Watoto, 1927–1959

Mwalimu aliyezoea kusahihisha insha za kubuni anaufahamu vyema mwanzo huu. Mlango unabishwa usiku wa manane, risasi inalia, maiti inaonekana sakafuni, na yote hayo kabla ya aya ya kwanza kufika ukingoni. Aya ya pili huwa tayari imechoka. Msomaji hajui marehemu alikuwa nani, alipendwa na nani, wala kwa nini kifo chake kimsumbue mtu. Mtahiniwa naye, akiisha kuzifyatua risasi zake zote mapema, hana budi kurudi nyuma kwa mbinu rejeshi ndefu ili aeleze mambo aliyostahili kuyaeleza tangu awali. Anapofika kwenye upelelezi wenyewe, karatasi zimekwisha na kengele imelia.

Nakiri kwamba kosa hili si la mwanafunzi peke yake. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kisa cha upelelezi sharti kianze kwa tukio la kushtua, na kwamba taharuki ni mtoto wa haraka. Kanuni hiyo niliipokea kutoka kwa walimu walionifunza, nao yamkini waliipokea vivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Makala haya yanadhamiria kuihoji kwa njia ya historia. Tutavitazama vitabu vichache vilivyochangia kuunda utanzu wa riwaya ya upelelezi ya watoto huko Ujerumani, Marekani na Uingereza, kuanzia 1927 hadi 1959, huku tukiuliza maswali mawili: mwandishi alichukua muda gani kabla ya uhalifu kutendeka, na muda huo aliutumia kufanya nini? Swali la pili ndilo lenye uzito, ingawa darasani huwa tunauliza la kwanza tu.

Kabla ya kuanza safari, ni vyema tukubaliane kuhusu istilahi. Tunaposema ‘mwendo’ wa usimulizi tunarejelea uhusiano uliopo kati ya muda wa matukio na idadi ya kurasa zinazotumiwa kuyasimulia. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kazi yake ya 1972 kuhusu usimulizi, alibainisha njia nne. Kuna muhtasari, ambapo miaka hupita katika sentensi. Kuna onyesho, ambapo wahusika huzungumza na msomaji akasikiliza kana kwamba yumo chumbani. Kuna pumziko, ambapo saa ya kisa husimama mwandishi akieleza sura ya mtu au mandhari. Na kuna mruko, yaani muda unaopita bila kusimuliwa kabisa. Naye Tzvetan Todorov, katika makala yake ya 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kuwa riwaya ya aina hii hubeba hadithi mbili, hadithi ya uhalifu na hadithi ya uchunguzi, na kwamba ile ya kwanza aghalabu huwa imekwisha pale ya pili inapoanza. Kanuni yetu ya ‘anza na maiti’ bila shaka inaegemea maelezo hayo. Ila vitabu vya watoto vilikuwa na shida yao wenyewe, na shida hiyo Todorov hakuwa na haja ya kuishughulikia, kama tutakavyoona.

Mvulana, bahasha na pini

Mnamo 1929 Erich Kästner, mwandishi wa habari na mshairi aliyeishi Berlin, alichapisha Emil und die Detektive, yaani Emil na wapelelezi. Michoro ilikuwa ya Walter Trier. Kisa chenyewe ni chepesi. Emil Tischbein, mvulana wa mji mdogo uitwao Neustadt, anatumwa Berlin kwa nyanya yake akiwa na maki 140. Anaibiwa ndani ya treni, anamfuata mwizi mjini, na kundi la watoto wa Berlin linamsaidia kumnasa.

Kwa mujibu wa kanuni yetu, mwanzo wa kitabu hiki ni mbovu kupindukia. Kabla hata ya sura ya kwanza, mwandishi anajitokeza na kueleza jinsi alivyokuwa anaandika riwaya nyingine kabisa, ya visiwa vya mbali vya Bahari ya Kusini, akakwama kwa sababu hakuwa na hakika nyangumi ana miguu mingapi, hadi mhudumu wa mkahawa alipomshauri aandike mambo anayoyajua. Baada ya hapo inakuja michoro kumi yenye maelezo: Emil, mama yake, behewa la treni, bwana mwenye kofia ngumu, binamu wa Emil, hoteli moja, mvulana mwenye honi, tawi dogo la benki, nyanya, na chumba cha kupangia chapa katika gazeti kubwa. Ndipo sura ya kwanza inapofunguka, na katika sura hiyo Emil anambebea mama yake maji ya kuoshea nywele za mke wa mwoka mikate! Wizi unagunduliwa katika sura ya tano. Kitabu kizima kina sura kumi na nane. Kwa hivyo zaidi ya moja ya tano ya sura zote imekwisha kabla ya uhalifu kujulikana.

Hata hivyo, kitabu hiki kilipendwa na kikaendelea kupendwa. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na mnamo 1931 kikatengenezwa filamu. Tukishikilia kanuni yetu, hatuna njia ya kueleza jambo hili. Hebu basi tuzirudie sura hizo nne za kwanza, moja baada ya nyingine, tukiuliza kila moja inaweka nini mfukoni mwa msomaji.

Sura ya kwanza inaweka thamani ya pesa. Mama Emil ni mjane. Mumewe alikuwa fundi wa mabati na mabomba, naye anawalisha yeye na mwanawe kwa kuosha na kutengeneza nywele za wanawake jikoni mwake. Mwandishi anasimamisha kisa (hili ndilo pumziko la Genette) ili azungumze na mtoto msomaji kuhusu maki 140. Anamweleza kwamba wapo watu wasiozijali pesa kama hizo, lakini kwa mtu anayepata maki 35 kwa wiki na kulazimika kuishi kwazo, pesa hizo alizozidunduliza ni nyingi sana. Piga hesabu, mwalimu: ni kazi ya wiki nne. Maki 120 ni za nyanya, 20 ni za Emil. Msomaji ambaye ameuona mvuke wa maji ya moto na mikono ya mama ndani ya povu hatauliza baadaye kwa nini mvulana huyu anamfuata mwizi mji mzima kwa sababu ya noti tatu. Mwandishi asiyeweka jambo hili mapema atalazimika kumliza mhusika wake kwa machozi mengi, na msomaji atabaki mkavu.

Sura ya pili ni fupi, na ukiisoma kwa haraka utadhani ni mzaha wa kupitisha muda. Emil na mama yake wanakwenda stesheni, wanakutana na Sajini Jeschke, na Emil anaingiwa na hofu. Kumbe majuzi yeye na wenzake waliipaka rangi sanamu ya mtawala mmoja wa zamani, wakaichorea pua nyekundu na masharubu. Sajini anapita bila kusema neno. Hapa hapajatokea chochote, na mhariri mwenye haraka angeifuta sura yote.

Laiti angeifuta, riwaya ingeporomoka. Riwaya yoyote ya upelelezi ya watoto inakabiliwa na swali ambalo riwaya ya watu wazima haina: kwa nini mtoto huyu asimwite polisi? Mtoto aliyeibiwa ndani ya treni, akamwona mwizi kwa macho yake, ana njia iliyo wazi: apige kelele. Mwandishi asipoifunga njia hiyo, hana kisa. Waandishi wengi huifunga kwa vitisho vya mwizi au kwa kuwafanya watu wazima kuwa wajinga, na watoto wanaosoma huutambua udanganyifu huo upesi. Kästner ameifunga kwa rangi nyekundu juu ya pua ya sanamu. Emil anaamini kwamba polisi wote wanajuana, na kwamba akijitokeza atafungwa yeye. Anapokutana na Gustav, mvulana mwenye honi, katika sura ya nane na kuulizwa kwa nini hakwenda polisi, jibu lake halihitaji maelezo marefu. Msomaji analo tangu sura ya pili. Ndipo tunapoona kwamba sura iliyodhaniwa kuwa ya kupitisha muda ndiyo iliyowapa watoto nafasi ya kuwa wapelelezi.

Sura ya tatu inatuingiza ndani ya treni. Bwana mwenye kofia ngumu, anayejiita Grundeis, anampa Emil kipande cha chokoleti na kumsimulia uongo wa ajabu kuhusu Berlin. Msomaji amekwisha kumwona huyu bwana katika ile michoro kumi, hivyo anamshuku kabla Emil hajamshuku. Hii ni taharuki ya aina ambayo wanafunzi wetu hawaijaribu: msomaji anajua zaidi ya mhusika, naye hawezi kumwonya. Abiria wengine wanashuka, wawili hao wanabaki peke yao. Emil anakwenda msalani, anatoa pini, na kuipitisha kwenye noti tatu, bahasha na bitana ya koti lake. Kitendo hicho kinachukua sentensi chache tu. Anayesoma kwa mara ya kwanza anadhani pini ni ulinzi wa pesa, na kama ulinzi inashindwa. Kazi yake ya kweli inafichuka benki, sura nyingi baadaye, Grundeis anapotaka kubadilisha noti zile zile na kila mtu anauliza zitajulikanaje kuwa ni za Emil. Noti zinaangaliwa, na matundu yanaonekana.

Kisha sura ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya ujasiri kuliko zote. Emil analala na kuota. Treni inamfukuza, inakokotwa na farasi, na anayewachapa mjeledi ni Sajini Jeschke. Ni sura nzima ya mbio, na hakuna hata mguu mmoja unaotembea katika ulimwengu wa kweli. Tujiulize: wizi wenyewe umesimuliwa wapi? Haukusimuliwa. Umetendeka wakati msomaji yuko ndotoni pamoja na Emil. Ni mruko, lakini umefunikwa na ndoto ili msomaji asihisi kwamba ameporwa. Kisha anaamka katika sura ya tano, anatia mkono mfukoni, na kidole kinachomwa na pini. Bahasha haipo. Filamu ya 1931, ambayo muswada wake uliandikwa na Billy Wilder, iliona ulazima wa kutilia peremende dawa ili kueleza usingizi huo. Kitabu hakikuhitaji dawa. Mtoto aliyejaribu kukesha akashindwa anaeleweka na kila mtoto.

Nyuma ya uovu kuna njia

Mwaka mmoja kabla ya Emil, yaani 1928, Vladimir Propp alichapisha huko Leningrad utafiti wake kuhusu umbo la ngano za Kirusi. Alihesabu uamilifu wa matendo thelathini na mmoja yanayofuatana. Walimu wengi tunalikumbuka jina lake kwa orodha hiyo tu, na pengine kwa kuchukia kuikariri. Lakini tazameni uovu wenyewe uko wapi: ni wa nane. Unatanguliwa na saba, miongoni mwake mtu kuondoka nyumbani, kukatazwa jambo, kulivunja katazo, mwovu kupeleleza, na mwovu kumlaghai mwathiriwa. Emil anaondoka nyumbani. Mama anamwonya azitunze pesa. Bwana Grundeis anadadisi na kulaghai. Emil anapokea chokoleti. Emil analala. Sidai kwamba Kästner alikuwa amemsoma Propp. Alikuwa amesikia ngano utotoni kama kila mtu, na hilo linatosha.

Ngano zetu nazo hazina haraka ya kulileta zimwi. Kwanza ni paukwa na pakawa, fanani akiomba ruhusa na hadhira ikimpa. Kisha mama anakwenda sokoni au kisimani, anawaachia watoto mwiko: msimfungulie mtu mlango, msiguse chungu kile. Mtoto anayesikiliza ngano anajua tangu hapo kwamba mwiko utavunjwa, na muda wote kati ya mwiko na kuvunjwa kwake ni muda mtamu. Ile michoro kumi ya Kästner inafanya kazi iyo hiyo ya mwiko na ya paukwa kwa pamoja: ni ahadi. Msomaji aliyeonyeshwa benki na mwizi atasubiri kwa hiari huku mama akiosha nywele. Mwandishi aliyekwisha kuahidi ana haki ya kutembea polepole.

Mbio za Marekani

Tuvuke bahari sasa. Katika miaka iyo hiyo, Edward Stratemeyer alikuwa na kampuni huko Marekani iliyozalisha vitabu vya watoto kama kiwanda. Yeye alibuni muhtasari, waandishi wa kulipwa wakauandika, na kitabu kikatoka kwa jina la mwandishi asiyekuwapo. Mnamo 1927 ulitoka mfululizo wa Hardy Boys, kwa jina la Franklin W. Dixon. Vitabu vya mwanzo viliandikwa na Leslie McFarlane, Mkanada. Cha kwanza, The Tower Treasure, kinaanza na ndugu wawili, wana wa mpelelezi, wakiwa kwenye pikipiki katika barabara ya pwani, na gari linalokuja kwa kasi ya wazimu linanusurika kuwasukuma. Muda si mrefu, gari la rafiki yao linaibwa.

Huu ndio mwanzo tunaowafunza wanafunzi wetu. Ila jambo moja husahaulika: hazina ya mnara inayotajwa kwenye jalada haijaibwa bado. Msomaji anapewa gari la wazimu, kisha gari lililoibwa, kisha msako wake, na wizi mkuu unakuja baadaye. Kitabu kinachoonekana kukimbia kimeuahirisha uhalifu wake mkuu sawa na kile cha Kijerumani kinachoonekana kulala. Tofauti iko katika kinachojaza nafasi. McFarlane aliijaza kwa matukio madogo yanayofanana na tukio kubwa, Kästner kwa hali zitakazolifanya tukio kubwa liume. Siwezi kudai kwamba njia ya McFarlane ni duni. Mtoto mwenye umri wa miaka kumi aliyeshika kitabu hicho hakukiweka chini, na hilo si jambo dogo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika mfululizo wa Nancy Drew, kwa sababu kitabu chake cha kwanza kiliandikwa mara mbili. The Secret of the Old Clock kilitoka Aprili 1930 kwa jina la Carolyn Keene. Mwandishi wake halisi alikuwa Mildred Wirt, aliyelipwa dola 125, na Stratemeyer alifariki siku chache tu baada ya kitabu kutoka. Mnamo 1959 kitabu hicho kiliandikwa upya chini ya Harriet Adams, binti yake Stratemeyer. Sababu za kuviandika upya vitabu hivyo zilikuwa kadhaa. Kulikuwa na picha za kibaguzi dhidi ya Weusi na watu wengine zilizostahili kuondolewa, na kuondolewa kwake hakuna wa kukulilia. Kulikuwa na magari na mavazi yaliyopitwa na wakati. Tena kulikuwa na nia ya kuvifupisha na kuviongezea kasi: sura 25 zikawa 20. Nancy mwenyewe alikua kutoka miaka kumi na sita hadi kumi na minane.

Linganisheni sasa mianzo miwili. Katika toleo la 1930 Nancy amekaa nyumbani akizungumza na baba yake, wakili Carson Drew. Mazungumzo yao yanahusu urithi wa mzee Josiah Crowley, ambao unaelekea kuangukia jamaa tajiri na wenye majivuno, ilhali mzee huyo aliwahi kuwaahidi watu wengine wanaohitaji. Hakuna anayekimbia. Katika toleo la 1959 Nancy anaendesha gari lake, mtoto mdogo wa kike anakatiza barabarani mbele ya lori, anaanguka kutoka darajani, na Nancy anakimbia kumwokoa. Toleo la pili ndilo la kasi. Kila mwanafunzi atasema hivyo.

Mimi nilisema hivyo pia, hadi nilipojiuliza: fumbo la kitabu hiki ni lipi? Ni wosia. Wosia wa Crowley uko wapi, na nani ameonewa? Katika toleo la ‘polepole’ swali hilo liko kwenye midomo ya wahusika tangu sentensi za mwanzo. Katika toleo la ‘kasi’ msomaji anapaswa kwanza kupita darajani, kumpokea mtoto, kumpeleka nyumbani kwa walezi wake, na ndipo habari za Crowley zinapoanza kujitokeza. Miguu inakimbia, swali linangoja. Hivyo basi kuna mienendo miwili inayochanganywa na neno letu moja: mwendo wa miili na mwendo wa swali. Mhariri wa 1959 aliuongeza ule wa kwanza na, bila shaka bila kukusudia, akaupunguza wa pili.

Kwa haki, toleo la 1959 halikutupa muda wake bure. Walezi wa mtoto huyo ni miongoni mwa watu ambao Crowley aliwaahidi, na waliokuwa ndani ya lori ni wezi watakaorejea baadaye katika kisa. Daraja linalipwa. Pale ninapolalamika ni juu ya mtoto mwenyewe: anguko lake linatutisha kwa kurasa chache, anapona, na hofu yetu haina pa kwenda. Hofu ya Emil mbele ya Sajini Jeschke ni ndogo kuliko hofu ya mtoto aliyeanguka darajani, lakini hofu yake inaendelea kufanya kazi sura baada ya sura.

Uingereza tuipitie kwa ufupi. Enid Blyton, ambaye vitabu vyake vimejaa katika maktaba nyingi za shule zetu, alianzisha mfululizo wa watoto wanne na mbwa mnamo 1942 kwa Five on a Treasure Island. Anayekikumbuka kama kitabu cha mbio akifungue tena. Kinaanza na wazazi wakizungumzia mahali pa kwenda likizoni. Halafu tunapewa ugomvi mdogo: binamu Georgina, anayetaka kuitwa George, hataki kushiriki kisiwa chake wala mbwa wake na wageni. Dhoruba inayoibua meli iliyozama haiji hadi ugomvi huo umetulia. Blyton hakuwa na sentensi za Kästner, lakini alijua kwamba mgogoro mdogo wa kweli unaweza kumbeba msomaji hadi mgogoro mkubwa ufike.

Na sisi?

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata umaarufu kupitia Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum, waliwafikia wanafunzi wa vizazi kadhaa, ingawa hawakuandikiwa watoto. Ndiyo maana, nadhani, wanafunzi wetu wanapotunga huiga mpelelezi mtu mzima anayeitwa baada ya maiti kupatikana. Bwana Msa anaweza kuanza hapo; yeye ni mgeni katika msiba wa wengine, na Todorov anamtosha. Mtoto mpelelezi ni mwenye msiba. Kinachoibwa ni chake au cha mama yake, na msomaji hawezi kuuhisi msiba ambao hajaoneshwa ulipoishi kabla ya kuvunjika.

Kuhusu watahiniwa, swali linapowataka wajadili jinsi mwandishi alivyojenga taharuki, wengi huorodhesha matukio ya kutisha na kunukuu kurasa. Mtahiniwa atakayeonyesha kwamba jambo fulani dogo la sura ya pili ndilo linalomzuia mhusika kuomba msaada katika sura ya nane, akaeleza uhusiano huo kwa sentensi mbili, ameijadili taharuki. Aliyesema tu kwamba ‘msomaji anabaki na hamu ya kujua kitakachotokea’ amefafanua neno. Walimu, tusiwape alama sawa.

Zoezi nililolijaribu darasani halina gharama. Nilirudisha insha za upelelezi za kidato cha pili na kuwataka wanafunzi wauhamishe uhalifu kutoka aya ya kwanza hadi ukurasa wa tatu, bila kuongeza mbinu rejeshi hata moja. Kurasa mbili za mwanzo zijibu mambo matatu tu: kitu kitakachopotea kina thamani gani kwa mwenye kukipoteza, kwa nini mhusika hawezi kumwambia mtu mzima, na ni alama gani ndogo itakayokitambulisha kitu hicho kikipatikana. Malalamiko yalikuwa mengi. Wavulana wawili waliniambia waziwazi kwamba nimeziharibu hadithi zao, na mmoja wao, naona, alisema kweli. Kisa chake kilikuwa cha mbio tangu mwanzo na hakikutaka jingine.

Msichana mmoja alikuwa ameandika kisa cha pesa za chama zilizoibwa kutoka kwa mama yake. Katika rasimu ya kwanza mama anapiga nduru kwenye mstari wa kwanza. Katika ya pili ni usiku, mama anahesabu noti juu ya meza kwa mwanga wa taa ya kandili, na binti anayemsaidia anamwagia chai noti ya mia mbili. Anaipangusa upesi kwa kitenge kabla mama hajageuka, na hasemi kitu. Alipomaliza kutusomea ukurasa wa pili kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na pesa zilikuwa bado zimo ndani ya kopo. Darasa halikutoka. Mmoja akauliza kutoka nyuma iwapo doa la chai huonekana chai ikikauka.